Kola ya Umeme kwa Mbwa wa Papa Evariste

Vijana wangu, kabla hamjaniuliza kola ipi ya umeme ni nzuri, niambieni kwanza mbwa amekosa nini. Siku hizi simu yangu hailii ila kwa jambo hilo. Mtoto wa dada yangu anakaa Evere, hapa Brussels, juu kabisa kwenye ghorofa, na amenunua mbwa wa kuwinda ndege kwa sababu masikio yake yanapendeza kwenye picha. Mbwa, kwa kukosa ndege, anawinda mazulia. Sasa kijana anataka kola itakayomrusha kidogo ili atulie. Nilimwambia mbwa wake hana kosa lolote, mwenye kosa ni nyumba. Hajanipigia tena.

Nimestaafu, lakini kwa miaka mingi nilikuwa muuzaji katika duka la vifaa vya uwindaji upande wa Ganshoren, mtaa mtulivu ambako hata mbwa hubweka kwa adabu. Ndani ya Brussels kuwinda ni marufuku. Kwa hiyo wateja wetu walikuwa watu wa mji usioruhusu kuua hata njiwa. Ijumaa walikuja kwetu kuvalishwa kama watu wa porini, Jumamosi wakaenda kupiga ndege kwenye mashamba ya Condroz, kusini mwa nchi, na Jumatatu wakarudi kwenye ofisi zao na mikutano yao. Niliwauzia makoti, mabuti, filimbi, na tangu miaka ya elfu mbili ilipoanza, kola za umeme, ambazo zilitoka kuwa kitu cha ajabu kabatini hadi kuwa kitu ambacho kila mtu alidhani hawezi kuishi bila kuwa nacho.

Ninawaandikia Kiswahili cha vitabu, kile masista wa Lubumbashi walichotufundisha kwa fimbo. Watu wengine humu wakisema, nitawaacha waseme cha kwetu, cha Kongo, maana nikiwasahihisha watanuna.

Kazi nilifundishwa na mwenye duka, Monsieur Armand, mzee wa Brussels, mzaliwa wa hapo hapo, mwenye kiko kisichowashwa. Yeye alikua wakati wa kamba. Zamani mtu akitaka mbwa wake arudi anapoitwa, alimfunga kamba ndefu ikokotayo majanini, akatia vipande vya jibini mfukoni, akatembea naye shambani kipindi kizima cha kiangazi. Mfuko ulinuka, mbwa alijifunza. Kisha kola zikaja, na watu wakaona kiangazi kizima kinaweza kuingia kwenye kitufe kimoja.

"Kola haimfundishi mbwa neno," Monsieur Armand aliniambia wiki yangu ya kwanza. "Inamkumbusha neno analolijua. Kama halijui, unampiga tu kwa mbali."

Akanionyesha mengine, na haya yashikeni, kwa sababu wauzaji wa mtandaoni hawatawaambia. Vile vichuma viwili vya kola lazima viguse ngozi. Mbwa mwenye manyoya marefu anahitaji vichuma virefu, si umeme mwingi. Kola ikilegea, mbwa hasikii kitu, mwenye mbwa anapandisha namba ya nguvu kwenye rimoti, halafu kola inakaa sawa kwa bahati na mbwa anapata yote kwa mpigo. Ikikaza mno au ikikaa shingoni siku nzima, inatoa vidonda. Siku za kwanza avae kola iliyozimwa, aizoee kama mnavyozoea saa mkononi. Namba anza chini kabisa, na usitazame mdomo, tazama sikio. Sikio likicheza kana kwamba nzi ametua, hiyo ndiyo namba yako. Mbwa akilia, umeshaipita zamani. Umbali ulioandikwa kwenye boksi umepimwa mahali pasipo miti, vilima wala mvua, yaani si Ubelgiji. Na la mwisho alilirudia kuliko yote: mbwa wa ndege akiwa mbele ya ndege, kidole chako kikae mfukoni.

Wateja walipenda kujaribu kola kiganjani. Mtu alishika, akabonyeza, hakusikia kitu, akapandisha, akapandisha tena, hadi akaruka hatua moja nyuma, halafu akaniambia kwa uso mzito wa mtaalamu, "Hii namba inafaa." Shingo ya mbwa iliwekewa kipimo cha kuruka kwa mhasibu. Nimeona hivyo mara nyingi hata nikaacha kucheka.

Basi, Papa Evariste.

Alikuwa mtu wa Lubumbashi kama mimi, mwanasheria katika kampuni kubwa ya bima, na tulifahamiana kanisani. Alikuwa mtu mwema. Lakini alikuwa na ugonjwa ambao nimeuona kwa wengi wetu tuliofika huku: alitembea kana kwamba daima kuna mtu nyuma yake anayempigia alama. Skafu yake ilikunjwa vile vile majira yote. Kifaransa chake kilipigwa pasi.

Aliingia dukani asubuhi moja ya Oktoba na mbwa jike mdogo, mweupe mwenye mabaka ya rangi ya chungwa, aina ya épagneul breton. Hao ni mbwa wa ndege hasa: wakinusa ndege majanini wanasimama kama wamegandishwa, wakimwonyesha mwindaji alipo. Alikuwa na karatasi za ukoo ndefu kuliko zangu. Jina lake Duchesse.

"Papa Placide," akaniambia, "minatafuta collier ya umeme, ya nguvu. Ile ya mwisho."

"Amefanya nini?"

"Hasikiaka. Kichwa nguvu. Angalia weye mwenyewe."

Akaweka mikono nyuma kama ofisa wa gwaride. "Duchesse, assis." Maana yake keti. Duchesse akatazama rafu ya soksi. "Duchesse, couché." Lala. Duchesse akapiga miayo.

Nami, kwa kuwa nilikuwa fundi mzoefu, nikadhani ni kiziwi. Nikazunguka nyuma yake nikaangusha kopo la dawa ya viatu. Akageuka mara moja. Si kiziwi. Basi kwa uzoefu wangu wote nikahitimisha kwamba ni mbwa mjinga. Hayo ndiyo yalikuwa matunda ya miaka yangu ya kazi, na nawaomba myakumbuke mnapowasikiliza wazee.

"Samedi inakuya tuko naenda Condroz," Evariste aliendelea, akishusha sauti kana kwamba Jumamosi ni siri. "Directeur mwenyewe njo alinialika. Anapenda kuona Duchesse. Yeye eko na dume yake, anatafutia bibi. Na unajua, chef wetu wa service anaenda pension mwisho ya mwaka."

Nikaelewa. Haikuwa habari ya mbwa. Kiti cha mkubwa wake kingekuwa wazi, mkurugenzi angechagua wa kukikalia, na yeye aliamini njia ya kukifikia inapita katikati ya shamba, nyuma ya mkia wa Duchesse.

Nikamtolea kola ndogo, nyepesi, yenye mtetemo na sauti kabla ya umeme. Aliitazama kama mtu aliyeletewa chai kwenye kikombe cha mtoto.

"Ba Blancs nabo unabaonyeshaka hii kadogo?"

"Mzungu au si Mzungu, namwonyesha kila mwenye mbwa mdogo."

"Bon. Mimi na weye tuko bantu ya fasi moja. Ukinipa ya kadogo, kule watasema nini?"

"Watasema mbwa ana shingo ndogo."

Hakucheka. Ndipo Monsieur Armand, ambaye pua yake ilikuwa hodari kuliko ya mbwa yeyote aliyeingia mle, akatoka ofisini na kushusha kutoka rafu ya juu kola kubwa kuliko zote, iliyotengenezwa kwa mbwa wa ukubwa wa ndama, na rimoti yenye antena.

"Hii inafika kilomita mbili," akasema.

Nikasema kwamba mbwa aliye kilomita mbili hahitaji kola, anahitaji tiketi ya basi. Monsieur Armand alinitupia jicho. Maneno hayo alinifundisha yeye mwenyewe, siku ambazo hakukuwa na mteja dukani.

Tulimvisha Duchesse. Kola ikaning'inia hadi kifuani kama kengele ya ng'ombe, na yeye akainamisha kichwa, akatembea pole pole, akiburuta masikio.

"Unaona?" Evariste akasema kwa furaha. "Heshima inaanza kuingia."

Nilimwambia asiiwashe hata kidogo mpaka mbwa aizoee na mpaka ajue maneno. Aliahidi kwa sauti ile ambayo watu humwahidi padri.

Siku ya pili yake mkewe akaja. Maman Bibiane alikuwa na saluni Matonge, mtaa wa Wakongo wa Brussels, hatua chache kutoka mlango wa metro ya Porte de Namur, na sauti yake ilifika kabla ya miguu. Kola ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki. Mbwa alimfuata nyuma bila kamba, akipita kati ya mabuti ya wateja kama mtu wa nyumbani.

"Nani njo aliuzisha bwana yangu ile télévision ya kuvala mu shingo?"

Nikasema ni mimi na patron wangu.

"Mutoto," akasema akimwonyesha mbwa, "amekatala kula. Ba clientes banauliza kama eko mugonjwa. Mnataka nini naye?"

"Maman, mbwa hasikii. Papa Evariste amenionyesha. Anamwamuru, yeye anatazama soksi."

Bibiane akamgeukia mbwa. Hakupandisha sauti.

"Mayele, ikala."

Mbwa akaketi kabla neno halijaisha.

"Lala." Akalala. "Ngoya." Akatulia kama jiwe. Bibiane akatoa mkobani kifurushi cha nywele za kubandika, akakirusha mbali, kikapita juu ya filimbi na kuanguka kule kwenye makoti. Mbwa hakutikisika. Macho tu yaliruka nacho. "Leta."

Akaenda, akarudi, akakiweka mkononi mwake. Nailoni yake haikuwa na alama hata ya jino moja. Katika kazi yangu nimewaona watu wakihangaika misimu miwili kumpata mbwa wa kuleta ndege bila kumtafuna, na hapa palikuwa na mmoja aliyefundishwa kwa nywele.

"Mikono yangu iko mu kichwa ya muntu siku muzima," Bibiane akanieleza. "Nani ataniletea mèches? Yeye. Tangu mutoto eko na mimi mu salon. Bwana yangu anatoka asubui, anarudi mangaribi na français yake. Duchesse, ni nani? Bamama balimuita Mayele, juu eko na akili."

Nilitamani kulala chini pale pale kando ya mbwa. Hakuwa mjinga wala mkaidi. Alikuwa amelelewa Matonge, chini ya vikaushia nywele, kwa Kiswahili na Kilingala kidogo, na jioni mtu mmoja mwenye skafu alikuja kumsomea hotuba.

Nikamweleza Bibiane kwamba jambo ni rahisi. Papa Evariste atumie maneno anayoyajua mbwa, kwisha. Au kama lazima Kifaransa, basi atangulize neno jipya na papo hapo afuatishe la zamani: assis, ikala, assis, ikala, na akifanya ampe kipande cha jibini. Baada ya wiki kadhaa atakuwa na lugha mbili, kama watoto wetu. Msikubali kugeuza mpangilio, kwa sababu mbwa akisikia la zamani kwanza, jipya hana haja nalo.

Alicheka, lakini si kwa furaha. "Yeye? Hata mimi ananiongeleshaka français kama kuko bageni. Bon. Nitamuambia."

Alimwambia. Najua, kwa sababu Evariste alinipigia simu.

"Papa Placide, fikiri weye mwenyewe. Directeur eko pale, bantu bote na bunduki yao, na mimi nasimama mu katikati ya shamba napiga kelele, ikala, ngoya, sawa niko mu soko ya Katuba? Hapana. Sikufika Poto juu ya ile."

Nikamwambia mbwa hajui Poto, hii Ulaya, ni wapi. Akaniambia nisilete mzaha, samedi ni samedi, na collier ipo.

Jumamosi ile nilikuwapo, kwa sababu Monsieur Armand alikuwa miongoni mwa walioalikwa na mimi niliendesha gari la duka. Ukungu ulikuwa umekaa kwenye mashamba ya viazisukari. Evariste alitoka garini amevaa vyote nilivyomuuzia na vingine ambavyo sikumuuzia: kofia yenye unyoya, soksi ndefu zenye vishada, koti la kijani linalokwaruza likitembea. Wenzake walikuja na makoti ya zamani yaliyotatuka. Hakuna aliyemwambia kitu. Watu wale humwachia mtu mwenyewe agundue.

Mkurugenzi alikuwa mrefu, mwembamba, mpole kwa namna ya watu waliozoea kushukuriwa. Alimshika Evariste bega akauliza kwa sauti ya kusikika na wote, "Kwenu huwa mnawinda simba, sivyo?"

Evariste alizaliwa mjini. Simba wa pekee aliyewahi kumkaribia alikuwa amechorwa kwenye chupa ya bia. Alicheka kupita wote. Na mimi nilicheka, nilikuwa kazini.

Tulianza kutembea kwa mstari. Duchesse, au Mayele, mwiteni mpendavyo, aliachiliwa, na ndani ya muda mfupi akasahau ule mzigo shingoni. Hakuwahi kuona faisan maishani mwake, yule ndege mkubwa mwenye mkia mrefu na rangi za harusi. Lakini damu inajua. Alikwenda kulia na kushoto, pua juu, mkia mfupi ukichapa hewa. Kisha ghafla, pembeni mwa shamba, akaganda. Mguu mmoja wa mbele ukiwa juu. Mkia kimya. Mwili wote ukawa mshale.

Mkurugenzi akainua mkono. Watu wote wakasimama. "Magnifique," akanong'ona, na safari hii hakukuwa na kitu kingine nyuma ya neno lake.

Vijana, pale Evariste alikuwa ameshapata yote aliyoyataka. Alitakiwa asimame tu. Lakini ule ukimya ulimzidi. Watu walikuwa wanamtazama mbwa, hakuna aliyekuwa anamtazama mwenye mbwa. Akakohoa, akasema kwa Kifaransa kilichonyooka, "Duchesse, couché."

Mbwa hakutikisika, na alifanya vyema. Mbele ya ndege mbwa mzuri hasikii hotuba.

"Duchesse. Couché."

Mmoja wa wageni alicheka kidogo puani. Nikaona mkono wa Evariste unakwenda kwenye rimoti.

"Papa, hapana," nikamwambia.

Akabonyeza. Namba alikuwa ameiweka juu kabisa.

Sitawaeleza ile sauti. Mbwa aliruka juu kama aliyevutwa kwa ndoano, faisan akalipuka kutoka majanini kwa makelele, hakuna aliyefyatua maana mbwa alikuwa kati, na alipogusa ardhi alikimbia. Hakukimbia kuelekea kwetu. Alikimbilia upande wa pili, kule ambako baada ya mtaro kuna barabara kuu, na malori yaliyojaa viazisukari yanapita bila kupunguza mwendo.

"Duchesse! Ici!" Kila alipoita, mbwa aliongeza mbio. Akabonyeza tena. Nikamnyang'anya rimoti. Sikuiomba.

"Muite," nikamwambia.

"Minamuita."

"Muite na jina yake."

Akanitazama. Akamtazama mkurugenzi, na mkurugenzi alikuwa anatazama mabuti yake mwenyewe kwa adabu. Lori lilikuwa linashuka kilima, tulilisikia wote. Evariste akavua ile kofia, akaitupa chini, na sauti iliyomtoka ilikuwa ile ambayo kampuni ile ya bima haikuwahi kuisikia.

"Mayele! Ngoya! Mayele, ngoya, mama, ngoya!"

Mbwa akasimama kwenye ukingo wa mtaro. Lori likapita mbele ya pua yake, upepo wake ukamlaza masikio.

Alingoja kama alivyoambiwa, lakini kurudi hakurudi. Aliketi pale anatetemeka, akimtazama bwana wake kutoka ng'ambo ya shamba zima. Evariste akaanza kutembea. Tope la viazisukari ni kama gundi. Katikati ya njia lilimvua buti moja na yeye hakuinama kulichukua. Alipokaribia alipiga magoti mbali kidogo naye, akageuza uso pembeni, akaanza kusema naye kwa sauti ya chini. Maneno hayakutufikia. Tuliona tu mgongo wa koti jipya, na tulingoja, watu wazima wenye bunduki mikononi, mpaka mbwa alipojivuta kwa tumbo akamfikia. Akamvua kola, akaitia mfukoni.

Kulikuwa na mkulima mwenye trekta upande ule, mwenye shamba. Alikuwa amezima mashine na kushuka. Nilipofika na buti mkononi nilimkuta anamuuliza Evariste, "Hiyo lugha gani?"

"Kiswahili."

Mzee akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo la kawaida. "Mbwa wangu anajua Kiwaloni cha huku shambani tu. Wajukuu wanamwita kwa Kifaransa, anawapita kama nguzo za umeme."

Tulirudi kwenye mstari. Evariste alikuwa na buti moja, soksi yenye kishada inaburuta tope, na mbwa mikononi. Mkurugenzi akatabasamu, akauliza, "Kumbe haelewi Kifaransa?"

"Non, Monsieur le Directeur," Evariste akamjibu. "Elle est de Matonge." Yaani, yeye ni wa Matonge.

Hakuna aliyecheka, kwa sababu hakuna aliyejua kama ni ruhusa.

Kile kiti alipewa kijana mwingine, asiye na mbwa, anayecheza tenisi. Evariste aliniambia mwenyewe, kavu, bila sukari, na alibaki kwenye meza yake ile ile. Dume la mkurugenzi likatafutiwa bibi kwingine. Kola ilirudishwa dukani. Monsieur Armand akaifuta tope, akaitazama kwenye mwanga, akasema haijatumika, na wiki iliyofuata akamuuzia mtu mwenye mbwa wa ukubwa wa mkate.

Mbwa ndiye aliyelipa. Mkisahau yote, shikeni hili: mbwa akirushwa na umeme mbele ya ndege hasemi "bwana wangu ameniadhibu." Anasema "ndege anauma." Majira yote ya baridi Mayele aliwaogopa njiwa. Porte de Namur wamejaa, kwa hiyo alivuka barabara kuwakwepa, akivuta kamba. Mteja mmoja aliingia saluni na kofia ya manyoya ya ndege, mbwa akajificha chini ya beseni na hakutoka mpaka mama yule alipoondoka.

Bibiane hakumpigia mumewe kelele. Ingekuwa afadhali. Alimwambia tu, "Weye njo ulimuharibisha. Weye njo utamuponyesha." Basi kila alipotoka ofisini Evariste alikwenda saluni badala ya nyumbani. Mimi nilileta manyoya ya faisan kutoka kwa wateja wangu, Bibiane akashona mmoja tu kwenye kifurushi cha nywele, na Evariste akaketi sakafuni na tai yake, jibini mfukoni, akikirusha karibu, akingoja. Unyoya mmoja. Mbwa akiuchukua, wiki nyingine mawili. Akikataa, kurudi kwenye nywele tupu, bila kumnunia. Hakuna kitufe cha kazi hiyo. Wanawake chini ya vikaushia, waliomwita Maître kama mwanasheria, hawakumwacha bila utani.

"Maître, ni kuku unachungaka?"

"Ndiyo, maman," alijibu, "na ananishindaka."

Mwanzoni alijibu kwa Kifaransa. Sikumbuki alibadilisha lini. Nakumbuka tu kwamba siku moja niliingia nikamkuta anabishana na mama mmoja wa Likasi juu ya bei ya zamani ya samaki, kwa kelele, na skafu ilikuwa imetundikwa mlangoni na watu wanapangusia mikono.

Majira ya vuli yaliyofuata yule mkulima alimwita. Hakumwalika kwa kadi. Alipiga simu akasema ana kwale wachache kwenye mabua na mbwa wake amezeeka, kama yule wa Kiswahili yupo, aje. Evariste hakuwa na kibali cha bunduki na hakukitafuta. Angetembea na mbwa tu, mzee ndiye angepiga. Aliniomba niende naye, lakini dukani tulikuwa na watu wa Ijumaa wamejaa, wanaruka na viganja vyao, sikuweza.

Simu ililia nikiwa kaunta.

"Papa Placide."

"Ndiyo."

"Amesimama."

Nikamwomba mteja radhi, nikageukia ukuta. "Mbele ya nini?"

"Perdrix. Kwale. Babili, mu kipembe ya mabua. Mbele alikuwa natetemeka kidogo, kiisha akaacha."

"Na weye ulimwambia nini?"

"Sikusema kitu."

Nilisikia upepo kwenye simu, na mbali kidogo mtu anacheka kwa Kiwaloni.

"Na mzee? Alipiga?"

"Hapana," akasema. "Kwale balienda. Tulisahau bunduki sisi bote babili. Tulikuwa tu namuangalia."